Kioo kikishushwa moshi hauishi: sigara, gari na mtoto wa kiti cha nyuma

Penye kahawa chungu, iwe barazani Lamu au kijiweni karibu na soko la Malindi, hoja ya kama sheria ikataze kuvuta sigara ndani ya gari lenye watoto huzuka na kuzama bila kufika popote. Mmoja husema serikali haina kazi ndani ya gari la mtu. Mwingine husema sheria ya sigara iko miaka, shida ni askari wa trafiki. Wa tatu hushangaa makelele yote ni ya nini, kwani kioo si kinashuka? Na wa nne hukumbusha kwamba wazee wetu walivuta tukiwa mapajani mwao na hatukufa. Ukisikiliza vizuri, hawa wanne hata hawabishani. Mmoja anazungumzia mamlaka, mmoja utekelezaji, mmoja hewa, mmoja mwili. Tuyatenge, tukianza na hewa, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea, na ukikosea hapo hata hoja ya sheria inapinda.

Moshi upi hasa?

Sigara ikiwaka hutoa moshi wa namna mbili. Kuna anaouvuta mvutaji, ukapita kwenye kichungi, ukaingia kifuani, kisha akaupuliza. Na kuna unaofuka wenyewe kutoka kwenye ncha inayowaka wakati sigara imeshikwa tu mkononi. Huu wa pili haupiti kwenye kichungi chochote. Tena ncha ile, isipovutwa, huungua kwa joto la chini, na kitu kikiungua kwa joto la chini hakiungui kikaisha. Anayejua jiko la makaa analijua hili: makaa yaliyoshika moto barabara hayafuki sana, lakini yanayosuasua hujaza jikoni moshi. Sehemu kubwa ya moshi anaoupata aliye kando ya mvutaji ni huu wa nchani, si ule uliopulizwa.

Mchanganyiko wa moshi huo wote tuuite moshi wa kuvutishwa, maana anayeupata hakuuomba. Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani.

Kuna na jambo la tatu, ambalo ndilo hushangaza watu: masalia. Moshi ukishatoweka machoni, nikotini na lami yake hubaki zimenata kwenye vitambaa vya viti, kwenye dari la gari, kwenye mikanda, ndani ya zulia. Hapo hutoka kidogo kidogo kurudi hewani, hasa gari likipata jua, na nyingine hubadilika na kuwa sumu mpya zinapokutana na gesi nyingine zilizomo hewani. Mtoto anayeguguna mkanda wa gari, na watoto wote huguguna, anazila.

Hesabu ya sanduku dogo

Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3, dari lake likiwa mita 2.7, kina hewa ya mita za ujazo 24 hivi. Ndani ya gari dogo la kawaida mna kama mita za ujazo 3. Yaani kuvuta sigara ndani ya gari ni kuvuta ndani ya chumba kilichogawanywa vipande vinane, ukachukua kipande kimoja tu, ukaketi humo na watoto.

Sasa, sigara moja humwaga hewani chembe laini zenye uzito wa kama miligramu 10. Ni kitu kidogo, huwezi hata kukihisi kiganjani. Lakini ukizigawa miligramu hizo kwenye mita za ujazo 3, kila mita inapata zaidi ya miligramu 3, ambazo ni mikrogramu 3,300 hivi. Kwa kulinganisha, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 inataka hewa ya kupumua isizidi wastani wa mikrogramu 15 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo kwa saa 24. Si haki kabisa kulinganisha wastani wa siku nzima na dakika chache za garini, na anayebisha atalisema hilo, naye atakuwa na haki. Ila tofauti ya mara 200 haitokani na ubishi wa vipimo.

Chembe hizi ndizo zinazotajwa kwa kipimo cha mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuzidi hapo kama mara 30. Vumbi la barabara ya Mokowe hukwama puani na kooni, ukalitema. Hizi hazikwami. Hushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu.

Hesabu ya karatasini inaweza kutiliwa shaka, lakini wapo waliopima. Watafiti wa Ontario nchini Kanada walichukua magari 18 ya wavutaji wenyewe, wakawaambia kila mmoja avute sigara moja tu katika hali tofauti, na matokeo yakachapishwa 2009. Gari likiwa limesimama na vioo vimefungwa, wastani ulipita mikrogramu 3,800. AC ikiwashwa, ulishuka mpaka 844. Dereva akishika sigara kando ya kioo kilichoshushwa nusu, jinsi wengi wetu tunavyofanya tukidhani tumemaliza kazi, ulibaki 223.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuitazama. Kioo kimesaidia, tena sana. Lakini kilichobaki ni karibu mara 15 ya kile kinachotakiwa.

Kwa nini kioo hakitoshi

Gari linapokwenda, upepo unaokwenda kasi kando ya kioo cha mbele hunyonya hewa ya ndani. Ndiyo sababu jivu huruka nje. Lakini mnyonyo huo hukamata kwanza hewa iliyo karibu na kioo. Moshi uliokwisha kusambaa kwenye dari na kurudi nyuma haukimbilii dirishani kwa sababu umeombwa. Na mnyonyo wenyewe hutegemea mwendo: kati ya Malindi na Gede, gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo upo, ukifika kwenye foleni ya Mtwapa, umekufa. Wakati huo ndio dereva huwasha ya pili kwa kuchoshwa na foleni.

Kisha kuna mvua. Mvua za masika zikianza vioo vyote hupandishwa, na yule aliyezoea “kuvutia dirishani” huacha upenyo wa vidole viwili. Upenyo huo hutosha kutoa jivu, hautoshi kutoa moshi.

AC nayo inaeleweka vibaya. Kwenye dashibodi kuna kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja ndani yake. Kikiwa kimewashwa, na kwa joto la kaskazi karibu kila mtu hukiwasha ili gari lipoe upesi, AC haileti hewa mpya. Inazungusha ile ile, inaipoza, inakurudishia. Chujio la hewa ya ndani, kama gari lako linalo, hukamata vumbi na sehemu ya chembe, lakini gesi kama kaboni monoksidi hupita kama maji kwenye tenga.

Na udi? Hapa lazima tuseme ukweli hata kama utawaudhi wenye chetezo. Udi na ubani hufunika harufu, havisafishi hewa. Kufukiza ni kuchoma kitu, na kila kinachochomwa kinatoa chembe laini. Gari lililovutiwa sigara kisha likafukizwa lina moshi wa aina mbili na harufu nzuri. Vile vidude vya manukato vinavyoning’inizwa kwenye kioo cha mbele ni hadithi ile ile bila moto.

“Ni safari fupi tu.” Sigara moja huisha kwa dakika 5 hadi 7. Safari ya dakika 10 kutoka Barani hadi Casuarina ukiwa na sigara ni safari ambayo nusu yake au zaidi ni moshi. “Nilivuta kabla hawajaingia.” Hapo umepunguza, hukuondoa, gari lililofungwa vioo hubaki na moshi muda mrefu baada ya sigara kuzimwa, na masalia hubaki hata baada ya hapo.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia, mara 12 hadi 20. Kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto huingiza hewa nyingi zaidi kuliko baba yake aliye usukanini, na kwa hiyo huingiza moshi mwingi zaidi.

La pili ni wembamba wa mirija. Chukua bomba la maji na mrija wa kunywea soda, kisha kila kimoja ukipake ndani utando wa unene ule ule. Bomba halitajua. Mrija utakaribia kuziba. Moshi huwasha kuta za njia ya hewa, kuta zikavimba na kutoa makohozi. Kwa mtu mzima ni kikohozi, kwa mtoto wa miaka miwili ni kifua kinachobana na pumzi inayopiga filimbi. Hivi ndivyo pumu inavyochokozwa. Njia inayounganisha koo na sikio la kati nayo ni nyembamba na imelala kwa watoto, ikivimba maji hukwama, na masikio yanayouma kila mara huanza hivyo. Ongeza mkamba na nimonia, na kwa watoto wachanga hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, katika ripoti ya 2006, alihitimisha kwamba hakuna kiwango cha moshi wa kuvutishwa kinachoweza kuitwa salama.

Tukirudi kwa yule wa nne anayesema hatukufa: barazani huketi waliopona. Aliyekufa kwa kichomi akiwa na miezi minane haji kunywa kahawa, na mama yake hakuambiwa kwamba sigara ya mjomba ilikuwa na mkono wake.

Ila wanaopinga sigara nao wana chumvi yao, tena ya kutosha. Kwa miaka mingi magazeti ya Kiingereza yalirudia kwamba moshi ndani ya gari una sumu mara 23 kuliko ndani ya baa iliyojaa wavutaji. Mwaka 2010 watafiti wawili, Ross MacKenzie na Becky Freeman, waliifuata namba hiyo mpaka ilikotoka wakakuta haina msingi wa kisayansi. Chama cha madaktari cha Uingereza kiliitumia 2011 kikalazimika kuirekebisha, kikasema ni hadi mara 11. Ukiletewa mara 23 kwenye simu, usiisambaze. Zile 223 na 3,800 zinatosha.

Na moshi wa kuni jikoni, na lori bovu lililo mbele yako? Ni vibaya, na moshi wa kuni ni vibaya sana. Lakini paa likivuja mahali pawili, tundu moja halikupi ruhusa ya kuacha jingine, hasa hili ambalo kuziba kwake hakugharimu hata shilingi.

Sheria inasema nini, na ubishi uko wapi

Kenya ilitia saini na kuridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku siku moja, tarehe 25 Juni 2004. Kutokana na mkataba huo ikaja Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kufanya kazi Julai 2008. Kifungu chake cha 33 kinakataza kuvuta mahali pa umma na kinavitaja vyombo vya abiria: magari ya abiria, ndege, meli, boti za abiria, treni, pamoja na vituo vyake. Anayevunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Kwa hiyo matatu ya Malindi kwenda Mombasa, tuktuk ya mjini, basi linaloshusha watu Mokowe na boti inayowavusha hadi Lamu, vyote vimo. Anayevuta kwenye boti kwa hoja kwamba “hapa ni nje, kuna upepo” amekosea mara mbili. Sheria haikumwachia, na upepo wenyewe humgeuka: boti ya mashine ikikata maji, hewa hutoka omo, yaani mbele, kwenda tezi, yaani nyuma, basi aliyeketi omo na sigara huwapitishia moshi wote walio nyuma yake. Kwenye mashua ya tanga ni vivyo hivyo kwa aliyekaa upande wa goshini, unakotokea upepo.

Kinachobishaniwa ni gari la mtu binafsi. Hapo ndipo neno “faragha” hutolewa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu asipekuliwe yeye, nyumba yake wala mali yake. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Haki zikigongana hupimwa, na kifungu cha 24 kinaeleza zinavyopimwa: kinachozuiwa kiwe kidogo, na sababu iwe kubwa. Kumwambia mtu angoje mpaka afike Kilifi ndipo ashuke avute ni kidogo kweli kweli.

Tena gari si chumba cha kulala. Linakaguliwa, lina namba, lina leseni, linapita barabara ya wote, na serikali imo ndani yake tayari: inakuambia ufunge mkanda na usishike simu. Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoleta mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu, manung’uniko yalikuwa haya haya. Mengine yamelegea tangu hapo, lakini leo hakuna anayeuliza kama serikali ina haki ya kudai mkanda.

“Kesho wataingia nyumbani.” Hofu hiyo si ya kijinga, ila tofauti ipo wazi. Nyumbani mtoto anaweza kutoka uani. Garini tumemfunga sisi wenyewe kwa mkanda.

Wengine walivyofanya

Mifano haiko mbali. Mauritius, kwa kanuni zake za 2008, ilikataza kuvuta ndani ya gari la binafsi lenye abiria, mkubwa au mdogo. Afrika Kusini ilikataza mwaka 2009 kama kuna mtoto aliye chini ya miaka 12. Uingereza (England) na Wales zilianza Oktoba 2015 kwa walio chini ya miaka 18, faini pauni 50. Na Italia, nchi ambayo watu wake Malindi inawajua vizuri, ilikataza Februari 2016 kuvuta ndani ya gari lenye mtoto wa chini ya miaka 18 au mama mjamzito. Mtaliano anayevuta huku watoto wakiwa kiti cha nyuma kwenye barabara ya Lamu mjini Malindi anafanya ambalo kwao lingemtoa faini.

Je, imesaidia? Jibu la kweli lina pande mbili, na anayekupa upande mmoja anakuuzia kitu. Utafiti uliochapishwa 2020 uliwauliza watoto wa miaka 13 hadi 15 wa Uingereza kama huvutishwa moshi garini mara kwa mara: mwaka 2014 walikuwa asilimia 5.9, mwaka 2016 baada ya sheria wakawa asilimia 1.6, upungufu mkubwa kuliko ule wa Scotland ambayo wakati huo ilikuwa haijaanza. Utafiti mwingine wa 2019, uliotazama pia mate ya watoto na magonjwa ya kifua, haukuona badiliko lililoweza kuthibitishwa. Ninachokisoma hapo ni kwamba tabia ya garini inaweza kubadilika, lakini mtoto ambaye nyumbani kwao bado kunavutwa hataponeshwa na gari peke yake.

Sheria ikiandikwa vibaya

Kuna njia nyingi za kuiandika ikafa siku ya kwanza. Mpaka wa umri ni mojawapo: ukisema miaka 12, askari aliye barabarani atabaki kukisia umri wa kijana wa miaka 13 mwenye mapafu yale yale. Kwetu mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kuweka namba nyingine ni kujitafutia kesi. Njia ya Mauritius ndiyo nyepesi kuliko zote kusimamia, maana hakuna wa kukisiwa umri, ingawa inawagusa na watu wazima waliokubaliana wenyewe kwa wenyewe, na hapo hoja ya faragha inapata nguvu.

Neno “gari” nalo lifafanuliwe. Waingereza waliandika kwamba ni gari lolote lililofunikwa na paa, lote au sehemu, na kwamba kushusha vioo, kuwasha AC au kuketi mlangoni miguu ikiwa nje hakukuokoi. Linaloachwa ni lile ambalo paa lake limekunjwa lote. Maneno hayo yanaziba karibu kila kisingizio. Lakini waliziacha sigara za kielektroniki. Zile hazitoi moshi wa kuungua, hutoa mvuke wenye nikotini na matone laini, na mwandishi wa sheria asipozitaja, mwenye nazo atakuwa wa kwanza kuzitaja.

Kosa kubwa kuliko yote ni faini kubwa. Mtu akijua kwamba sigara moja inaweza kumfikisha mahakamani kwa shilingi 50,000, na askari naye akijua kwamba anajua, hapo kesi haifiki mahakamani. Inaisha dirishani kwa kitu kidogo. Faini ndogo iliyopangwa, yenye risiti, isiyohitaji hakimu, haimpi askari mtaji wa kutishia. Na kinyume chake pia ni kosa. California iliandika tangu 2008 kwamba polisi hawezi kusimamisha gari kwa sababu hiyo peke yake. Lazima kuwe na kosa jingine kwanza.

Nani aiandike? Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kwa hiyo Kilifi au Lamu wanaweza kudai wana mlango. Lakini Mei 2024 tuliona mambo ya muguka, yale majani ya kutafuna: Mombasa na Kilifi zikatoa amri za kupiga marufuku, na siku chache baadaye Mahakama Kuu kule Embu ikazisimamisha. Amri ya haraka huanguka haraka. Na gari linalotoka Lamu kwenda Mombasa hupita Tana River na Kilifi. Sheria inayobadilika kila kaunti itamfanya dereva azime Garsen na awashe Mtwapa.

Maneno ya kusema bila kuvunja adabu

Tukija kwa askari, tuseme wazi kwamba hatakamata wengi. Anayeipinga sheria kwa hoja hiyo anadhani kazi yake yote ni kukamata. Uswahilini kwetu shida ya kwanza si polisi, ni adabu. Mke aliyeketi mbele na mtoto mapajani, mumewe anavuta; atasema mara moja, mara ya pili ni ugomvi. Kijana aliyepewa lifti na babu yake hawezi kumwambia babu azime. Mwenye gari akikuchukua wewe na wanao kutoka Witu bila kukudai nauli, utamfunulia kinywa gani akiwasha sigara? Ni gari lake, na wewe ni mgeni ndani yake. Waliozoea kunyamaza ndio hao hao walioketi na watoto.

Wengi wetu hatuvuti. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku ya aina yoyote Kenya ni asilimia 11.6. Kinachowapa wachache nafasi ya kufukiza wengi ni kwamba hakuna neno la kusema lisilo la kumvunjia mtu heshima. Sheria inaleta neno hilo. “Shikamoo babu, siku hizi wanashika watu, usije ukasumbuliwa njiani.” Sasa si mjukuu anayemkataza babu, ni mjukuu anayemwonea huruma. Babu anazima, na heshima ya kila mtu imebaki mahali pake. Kwenye matatu jambo hili limeshatokea: abiria hamwambii mwenzake “moshi wako unaniudhi,” anamwambia kondakta, na kondakta anataja sheria. Kwa sababu hiyo, kuliko hofu ya faini, ninaona marufuku inafaa hata kama trafiki wa Malindi hatakamata gari hata moja mwaka mzima.

Kabla trafiki hajafika

Mvutaji mwenye safari ndefu apange vituo. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Simama Kilifi, shuka, nenda hatua kadhaa mbali na gari, si kuegemea mlango uliofunguliwa. Ukimaliza usikimbilie ndani. Pumzi ya mvutaji huendelea kutoa moshi kwa muda baada ya mkupuo wa mwisho, kwa hiyo ngoja dakika chache, nawa mikono, ndipo umbebe mtoto. Anayepata shida kukaa saa nzima bila sigara amekwisha jua kwamba anahitaji msaada wa kuacha, na hilo ni la kumwona mhudumu wa afya.

Gari lililozoea moshi husafishwa kwa mpangilio. Toa kibweta cha majivu kabisa, kisibaki kikikonyeza. Fyonza viti na zulia kwa mashine, kisha futa kila mahali pagumu kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni: dashibodi, usukani, milango, na vioo kwa ndani, ambako utaona kitambaa kikitoka na rangi ya chai. Mikanda ivute mpaka mwisho uisugue yote, si kile kipande kinachoonekana tu. Dari lifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa sana; ukililowesha, gundi huachia na dari linashuka kichwani, na fundi wa viti atakutoza zaidi ya ulichookoa. Chujio la AC, ambalo kwenye magari mengi ya Kijapani liko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, libadilishwe, kwa sababu la zamani litaendelea kukupulizia harufu. Kisha acha milango wazi kivulini, AC ikiwa kwenye hewa ya nje.

Sponji ya ndani ya viti haitoki yote. Kwa hiyo anayenunua gari lililotumika asilinuse asubuhi baada ya kupuliziwa manukato. Aombe liachwe juani kuanzia saa nane mchana, vioo vyote juu, kwa saa moja. Joto huyatoa masalia kwenye kitambaa. Kisha afungue mlango wa nyuma, sio wa mbele, ainamishe kichwa mpaka urefu wa mtoto aliyeketi, na avute pumzi. Harufu ikimpokea hapo, ama muuzaji ashushe bei, ama atafute gari jingine.